Petroli Yetu, Dizeli ya Wifi Yangu

Mimi ni mtu mwenye wivu, na sioni haya kuliandika hilo, maana watu wote wa Msambweni walionijua walikwisha kulisema, wengine mbele ya macho yangu. Kuna wanaowaonea wivu wanawake wenzao kwa uzuri, na kuna wanaoumwa roho kwa nyumba ya bati. Mimi, katika ile miaka ya hamsini nilipokuwa mke kijana, niliionea wivu injini. Nikiwa jikoni nakuna nazi niliisikia ikija kutoka upande wa Ukunda, ngurumo nzito isiyopanda wala kushuka, na mkono wangu ukasimama pale pale juu ya mbuzi ya kukunia. Haukuendelea mpaka ngurumo ipite.

Lile lilikuwa lori la dizeli la mpwa wa mume wangu. La kwetu lilikuwa la petroli.

Mume wangu alikuwa mchukuzi wa mbata. Alipakia magunia ya nazi kavu na korosho kutoka Msambweni na vijiji vya pembeni, akayapeleka Likoni, akavuka na feri, akayashusha kwa wafanyabiashara wa Mombasa. Kurudi alileta saruji, mabati, mafuta ya taa, na watu waliokaa juu ya hayo yote. Alinioa nikiwa msichana na yeye ana mvi kidevuni, na kila masika yakianza kifua kilimbana hata nikawa namsikia akivuta pumzi nikiwa chumba cha pili. Alikuwa mtu mpole, mzito wa maneno. Nilimpenda, na nililiona hilo kuwa jambo lisilohitaji kusemwa.

Sasa kuna jambo ambalo msomaji wa bara huenda halijui. Kwetu Kwale wakati ule mtoto alikuwa na baba yake, lakini mali iliangalia kwa mjomba. Mwanamume akifa, watoto wa dada yake ndio waliokuja kwanza kutazama alichoacha. Dini ilisema vingine, na wenye ujasiri walikwenda kwa kadhi kudai haki ya watoto wao. Lakini wazee wakikaa matangani na kahawa zao, mara nyingi ilishinda ile kawaida ya kale. Jirani yangu alifiwa na mumewe, na kabla nguo za eda hazijachakaa niliiona cherehani yake, ambayo mumewe aliinunua, inabebwa kichwani kuelekea Diani kwa mtoto wa wifi yake. Watoto wa yule mwanamke waliifuata kwa nyuma mpaka njia panda. Mimi nilisimama mlangoni nikaitazama mpaka ikapotea, na tangu siku ile kila kilichoingia nyumbani kwangu nilikitazama kwa jicho la namna hiyo.

Mume wangu alikuwa na dada mmoja, mjane, anakaa Ukunda, na dada huyo alikuwa na mwana mmoja. Mmoja tu, lakini alitosha. Alikuwa kijana mkubwa wa mwili, dereva katika shamba la miwa, na huko ndiko alikojifunza mambo ya dizeli kwenye matrekta. Ubaya wake ni kwamba hakuwa na ubaya. Angekuwa mlevi au mvivu ningestarehe. Aliniamkia kwa heshima, aliniita mkaza mjomba kama inavyotakiwa, na kila alipokuja alileta samaki aliyekwisha kuparuliwa. Sikupata pa kumshika.

Basi lori letu la kwanza, la petroli nalo, ambalo mume wangu alilinunua likiwa tayari kikongwe, lilivunjika mgongo karibu na daraja la Mwachema likiwa na mzigo. Ikawa lazima litafutwe jingine. Alikwenda Mombasa akarudi na habari ya malori mawili katika yadi moja. La kwanza la petroli, limetumika kiasi, limepakwa rangi mpya ya kijani, bei yake ya kuvumilika. La pili la dizeli, halijatumika sana, na bei yake ya kumfanya mtu aombe kiti.

Ijumaa baada ya sala wifi yangu alikuja na mwanawe, kwa kuwa habari za Msambweni zilifika Ukunda kabla ya mtu kufunga mlango. Tukakaa barazani. Niliwatolea kahawa na mahamri, nikakaa karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kusikia na kuonekana hasikii.

"Mjomba," akaanza yule kijana, "dizeli itakuuma siku ya kununua. Petroli itakuuma kila siku. Dizeli haina plagi, haina kabureta. Mzigo ule ule na njia ile ile, petroli itakuwa inaomba debe la pili na dizeli haijamaliza la kwanza."

"Lakini bei, mwanangu," akasema mume wangu.

"Bei utaisahau. Injini yake inachelewa kuchoka. Ukiitunza, hata watakaokuja baada yetu wataikuta bado inavuta."

Watakaokuja baada yetu! Walikuwa wamekuja tayari. Walikuwa barazani kwangu wanakula mahamri yangu.

Na kijana alikuwa anasema kweli, ndiyo maana niliudhika. Mimi si mjinga. Katika nyumba ile mimi ndiye niliyejua lori la petroli linakula nini, kwa kuwa nilikihesabu kwa kanga nisizonunuliwa. Kila plagi ilipoungua niliona doti moja inaondoka. Kabureta ilipoziba, idi ilipita na nguo za mwaka jana. Nilijua vizuri kabisa kwamba lori la bei nafuu huwa nafuu siku ile ya kwanza tu.

Lakini nikaingilia, nikatetea petroli, na hoja zangu zilikuwa nzuri hata leo nazisifu. Nikasema petroli inajulikana na kila fundi kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga. Dizeli ikiharibika, fundi wake yuko wapi zaidi ya huyu aliyekaa hapa? Nikasema petroli inapatikana dukani kwa madebe, na dizeli italetwa kwa pipa kutoka Mombasa kama maji ya mgonjwa. Nikasema asubuhi ya baridi petroli inaamka kwa mzunguko mmoja wa hendeli, na lile dude lingine linataka kusukumwa na kijiji kizima.

Moyoni hesabu yangu ilikuwa nyingine. Lori la petroli tungelila sisi. Mume wangu angeliendesha, watoto wangu wangesoma na kuvaa kwa jasho lake, na siku likiisha liishe, liende na kutu yake. La dizeli tungelinunua kwa kujinyima, tungelilipa miaka na miaka, na siku litakapoanza kutulipa sisi, lingekuwa limeshika njia ya Ukunda na watoto wangu wanalifuata kwa nyuma mpaka njia panda. Nani ananunua kitu kidumu ili wifi yake akirithi?

Wageni walipoondoka, mume wangu aliingia ndani, akakaa kitandani, akanitazama mikono. Nilikuwa na bangili za dhahabu nilizoachiwa na mama yangu. Hakuwa na ruhusa ya kuzigusa isipokuwa kwa ridhaa yangu, na alilijua hilo. Kwa bangili zile, bei ya dizeli ingefikiwa.

"Nitakurudishia," akasema.

"Bangili za mama yangu haziendi kuolewa Ukunda," nikamjibu.

Hakukasirika. Aliuliza tu, "Wewe unaona petroli itatufaa?"

"Itatufikisha, baba watoto."

"Itatufikisha wapi?"

"Panapotosha," nikasema, nikatoka kwenda kutazama chungu changu.

Asubuhi akavaa koti lake akaenda Mombasa, akanunua lori la petroli. Lilipofika nilitoka na chetezo nikalifukiza ubani ndani na nje, nikalinyunyizia marashi kwenye usukani, watoto wangu wakapanda nyuma wakapiga kelele mpaka wenye maduka wakatoka kutazama. Siku ile nilikuwa na furaha safi. Nilijiambia: chao cha kurithi hakipo hapa.

Furaha hiyo haikumaliza msimu mmoja wa korosho. Niliambiwa na muuza samaki, wala hakujua ananichoma, kwamba wifi yangu amevua dhahabu yake yote akampa mwanawe, na mwanawe ameacha kazi ya shamba, amekwenda kwenye yadi ile ile, amelichukua lile lori la dizeli. Hakuombwa, kavua mwenyewe. Nilimlipa yule mwanamke samaki zake bila kuchagua, nikaja nikakaa chini jikoni. Kumbe wifi naye alikuwa na bangili. Miaka yote ile nilikuwa nikizitazama zangu tu.

Basi yakaanza kuendeshwa barabara moja, petroli yetu na dizeli yao, na mimi katikati nikilinganisha kama hakimu. Mwanzoni nilishinda. Masika yalipoingia dizeli yao ilikataa kuamka alfajiri, na wanaume waliotoka msikitini Ukunda waliisukuma na kanzu zao nyeupe kwenye matope. Habari hiyo nililetewa nikataka nisimuliwe tena. Letu lilikuwa linaruka kwa hendeli na kwenda zake.

Na kuna ile siku ya harusi. Yule kijana, kwa kuogopa kwamba dizeli ikizimwa haiwaki, alikuwa hazimi injini hata akiwa kwenye foleni ya feri. Siku hiyo alipakia watu wa bibi harusi kutoka Diani, wanawake wamejaa nyuma na matari na vigelegele, akangoja Likoni injini inanguruma tu, mpaka mafuta yakamwishia pale pale. Petroli ikiisha unamimina nyingine unaondoka. Dizeli ikiisha, mabomba yananyonya hewa, na lazima ufungue huku na huku uitoe hewa yote kidogo kidogo mpaka mafuta yarudi kupita. Akawa chini ya lori kwenye mchanga, mafuta mpaka kwenye nyusi, na vigelegele vimekatika. Niliposimuliwa nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaambiwa yaliyobaki: lori letu ndilo lililofika likawapakia wale wanawake wote, bibi harusi na matari yao, likawavusha, na mume wangu hakuchukua hata nauli. Eti ni mambo ya mpwa wake. Nilinuna kwa muda ambao sitautaja.

Baada ya hapo sikupata tena habari ya kunifurahisha. Kijana alijifunza tabia za lori lake, akaacha kulichosha bure, akawa anaweka pipa la mafuta nyumbani kwa mama yake. Letu likaanza kudai. Plagi, kisha valvu, kisha kabureta ikabadilishwa na nyingine iliyotumika ambayo nayo ilikuwa inaumwa. Kwenye mchanga wa Msambweni lilikunywa petroli hata ukainusa chumbani. Kijana alipoona safari zake zinamgharimu kidogo, alipunguza nauli ya gunia, na wenye mbata wakaanza kuhama mmoja mmoja, watu ambao nilikuwa nawapikia pilau. Walipopita barazani kwetu walitusalimia kwa haraka sana.

Ukawa mchezo wangu wa kila jioni. Mume wangu akirudi namuuliza: wao wamepakia magunia mangapi, sisi mangapi? Wao wamenunua tairi? Sisi je? Alinijibu kwa ukweli, kila siku, kama mtoto anayesomeshwa. Mimi nikijibiwa nalala na moto kifuani.

Na bangili zile nilizozinyima dizeli zilikwenda. Moja ilikwenda kwa valvu. Nyingine ilikwenda kwa tairi za nyuma, kwa sababu mtoto wetu wa kwanza alikuwa amepata nafasi ya shule ya bweni na kilichopatikana safarini kilikuwa chake. Nyingine kwa injini yenyewe, ilipofunguliwa yote ikalala kwenye makuti uani kwetu kama mbuzi aliyechinjwa, na fundi akiuliza iko wapi nati hii, iko wapi ile. Sikuombwa tena. Nilizivua mwenyewe, kimyakimya, nikiwa nimekasirika. Mwisho mikono yangu ikabaki mitupu na lori bado linakohoa.

Kukohoa nako kulikuwa kumehama. Mume wangu hakuwa anakohoa. Jambo hilo niliona ni ajabu, masika yalipita mara kwa mara na kifua chake kikawa kimya. Alianza hata kunenepa. Alhamdulillahi, nilisema, na nilisema kweli. Lori ndilo lililokufa. Lilisimama siku moja mbele ya nyumba, likazungushwa hendeli na kila mwanaume mwenye mkono, halikujibu. Likakaa pale chini ya mkorosho mpaka kuku wangu wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva.

Hapo ndipo mpwa wake alipokuja. Alivua viatu, akaamkia.

"Shikamoo, mjomba. Shikamoo, mkaza mjomba."

"Marahaba," tukasema sote wawili, mimi kwa meno.

"Mjomba, mzigo umekuwa mwingi na mimi ni mmoja. Kuna korosho za Shimoni na mbata za hapa. Nakuomba uje ushike usukani wa lori, mimi nitafute mzigo. Tugawane kinachopatikana."

Mume wangu akasema, "Haya, mwanangu. Kesho."

Asubuhi, alipokuwa anafunga vifungo vya shati, yakanitoka yote yaliyokuwa moyoni.

"Utakwenda kuajiriwa na mpwa wako? Watu wa Msambweni watuone wewe unaendesha lori la mtoto wa dada yako, na mimi nimekaa hapa sina hata bangili ya shaba? Lori lile lilikuwa letu! Ulisimama mbele yake kule Mombasa! Mwanamume mwenye akili zake angelinunua lile lile la dizeli, hata mkewe apige kelele mpaka paa liezuke!"

Ndiyo, nilimwambia hivyo. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikuwahi kuchagua njia.

Alimaliza vifungo. Akachukua kofia yake kwenye msumari.

"Nilijua kwamba dizeli ndiyo bora," akasema. "Nilijua tangu yadini. Lakini wewe ulipokuwa unapima petroli na dizeli pale barazani, mimi nilikuwa nasikiliza umenipa miaka mingapi ya kuishi. Nikaona nisibishane na wewe. Nikanunua lori la umri ule." Akavaa kofia. "Uniwie radhi. Limenitangulia."

Nikashika mlango, nikatafuta la kusema, na hata wakati ule nililolipata lilikuwa la wivu.

"Na mpwa wako je? Yeye hakuwa anahesabu?"

"Alihesabu," akasema. "Ila yeye alikuwa radhi kungoja."

Nje lori lilikuwa limefika, linanguruma taratibu. Wifi yangu alikuwa amekaa mbele, anakwenda Likoni kwa shughuli zake. Kijana aliteremka akampisha mjomba wake mahali pa dereva. Wifi akainamia dirishani, akanisalimu vizuri, akauliza watoto, kisha akamgeukia kaka yake anayekuja, akasema kama alivyomwambia kila walipoonana, "Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu, kaka yangu."

"Amina, dada," akaitika, na akacheka.

Sijapata kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea wifi yangu asubuhi ile, na haikuwa kwa ajili ya lori. Aliomba dua na akaaminiwa. Nikatoka mpaka kizingitini, nikapaza sauti ili imfikie juu ya ile injini, nikasema, "Mungu akupe umri mrefu, baba watoto." Nilisema kwa moyo wangu wote, na sikuwa na hesabu yoyote ndani yake.

Alinitazama. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mgeni, akapanda, akafunga mlango wa lori.